Tone la Adhuhuri

Mtu aliyelala selo huwa na mambo mawili ya kuuliza asubuhi: huko nyumbani wanasemaje, na atatoka lini. Lodio hakuuliza hata moja. Sajini Zeinab Isacko alipovuta ule mlango wa chuma, kijana aliinua kichwa kutoka magotini akasema, "Madam, Abba Jattani ameweka dawa leo?"

Zeinab alimtazama kwanza. Katika kazi yake alikuwa ameona wezi wanaolia na wauaji wanaoomba chai. Mshukiwa anayeulizia afya ya mlalamishi, huyo hakuwa amemwona bado.

"Jiulizie maneno yako," alimwambia. "Kesho unapelekwa kwa hakimu."

"Najua. Lakini akiacha dawa, ile presha itapanda. Kichwa kitamuuma mpaka atapike."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Jattani wa Kinna, ambaye wengi humwita Abba, yaani Baba, alikuwa na jicho moja tu la kuonea. Lingine lilizimwa na presha ya macho miaka ya nyuma. Hilo lililobaki lilikuwa likitunzwa kwa mbali. Daktari alikaa Nairobi, mzee alikaa Kinna, na kati yao alikuwepo Lodio, mhudumu wa afya, Mturkana wa hapa Isiolo mjini, akienda na pikipiki yake na kamera ndogo ya kubana kwenye simu, akipiga picha ndani ya jicho, akipima presha, akituma. Juzi juzi Lodio akapeleka kichupa kipya cha dawa, na wiki haikuisha mzee akaamka haoni hata mwanga wa mlangoni. Wanawe wakasema ni sumu. Kibanda cha macho cha Kinna kikapigwa mawe hadi mabati yakakunjika, na Zeinab ndiye aliyemtoa Lodio humo ndani, akamtia pingu mbele ya umati. Alimwambia ni kwa usalama wake. Jamani, tangu lini pingu ikawa ya kumkinga mtu mawe? Hilo alijiuliza mwenyewe usiku ule.

Tena Zeinab ni Mborana, kama mlalamishi. Lodio akifungwa, Waturkana wa Isiolo watasema sajini amependelea damu yake. Akiachiliwa bila ukweli wa kueleweka, Lodio hafiki kwao mzima. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wamepanga kukaa kesho hiyo hiyo, na kila mtu mjini alijua kikao hicho kikiharibika itakuwaje.

"Maabara imejibu," alisema. "Kichupa ni kizuri. Dawa ni dawa."

Lodio hakufurahi. "Basi."

"Basi nini? Watoto wa mzee wanasema ulibadilisha. Ati ulificha cha sumu ukatoa kizuri."

"Nilibadilisha saa ngapi, Madam, na mawe yananinyeshea?"

"Hata mimi nimeuliza hivyo. Lakini kuna lingine. Mzee Jattani alitoa ushahidi mjomba wako akafungwa kwa mbuzi wa watu."

"Mjomba aliiba. Mama yangu mwenyewe alisema afungwe, apate akili."

Zeinab alikuwa ameshamuuliza mama huyo, na ndivyo alivyosema, tena kwa maneno makali zaidi. Kwa hiyo kisasi cha mbuzi nacho kikafa pale pale. Akachuchumaa mlangoni ili macho yao yawe sawa.

"Lodio, kuna kitu unanificha. Unakaa hapa kama mtu anayejua amekosea. Umekosea nini?"

Kijana alisugua viganja vyake muda mrefu.

"Niliwatisha," alisema. "Wagonjwa wote. Vile vifaa vya kubana kwa chupa, vya kuhesabu matone, ni vichache, na watu wanazembea. Nikawaambia ukikosa dawa, mashine itakuripoti kwa daktari, na kifaa kitachukuliwa kipewe mwingine, na wewe utabaki na upofu wako. Daktari hakunituma niseme hivyo. Nilitunga tu, ndio waogope."

"Na Abba Jattani aliogopa?"

"Hakukosa hata mara moja. Hiyo ndiyo inanisumbua, Madam. Hakuna mtu hakosi. Mimi mwenyewe nikipewa dawa ya malaria nasahau."

Zeinab alifunga mlango. Ufunguo ulizunguka kwa kelele, akaona haya kwa kelele hiyo.

*

Daktari Kinya alionekana kwenye skrini akiwa amevaa koti jeupe, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mmeru, anayeongea polepole kama anayesomea mtoto.

"Nikuonyeshe kitu, Sajini." Skrini ikajaa nukta za kijani, mistari juu ya mistari. "Hii ni dawa ya Mzee Jattani. Kila nukta ni tone. Asubuhi, adhuhuri, jioni. Kijani maana yake ameweka. Angekosa, ingekuwa nyekundu."

"Sioni nyekundu."

"Hakuna. Wauguzi wangu walikuwa wakimtoa kama mfano kwa wagonjwa wengine."

"Kifaa kinajuaje ameweka? Mtu akifungua tu halafu afunge?"

"Hakihesabu. Mpaka kichupa kipinduliwe, kiminywe. Tone lazima litoke."

"Likishatoka linaenda wapi, kifaa kinajua?"

Daktari Kinya alizitazama tena zile nukta. Huko nyuma yake mtu alipita na trei ya vyombo.

"Hakijui," alisema mwishowe. "Sajini, mwezi wa tatu Lodio alinitumia kipimo, presha ya lile jicho imepanda sana. Akapima tena baada ya siku chache, bado iko juu. Nikatazama nukta, zote kijani. Nikajiambia dawa imeshindwa, nikaandika kali zaidi, ndiyo hiyo chupa mpya. Lakini jicho lile lilikuwa limebakiwa na kidirisha kidogo tu cha kuonea, na presha ilikuwa imeshakifunga. Ile chupa ilifika kwenye msiba. Ningepiga simu tu, nimuulize, Mzee, unaweka dawa? Dakika moja. Sikuuliza, kwa sababu mashine ilikuwa imeshanijibu."

"Kwa hiyo siyo sumu."

"Jicho lile lilikufa kwa kukosa dawa. Naweza kuapa. Lakini nukta zinasema alipata, na wakili yeyote atanionyesha nukta hizi hizi."

Zeinab aliandika: *mwezi wa tatu*. Aliandika akapita. Polisi hufuata kalenda ya serikali, na kichwa cha kazi kikishaingia kazini hakikumbuki kwamba nyumbani kuna kalenda nyingine. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo wanavyosema, na siku hiyo Zeinab alikuwa na macho mawili mazima.

*

Konstebo Nangiro aliendesha gari la kituo hadi Kinna bila kuwasha redio. Yeye naye ni Mturkana, na kwa siku hizo alikuwa akiongea na Zeinab kwa adabu kuliko kawaida. Adabu ile ilimuumiza Zeinab kuliko matusi.

"Tukirudi mikono mitupu," Nangiro alisema walipokuwa wanakaribia, "mimi nitapeleka mama na watoto kwa shemeji, Madam. Mpaka hii maneno ipoe."

"Hatutarudi mikono mitupu."

"Sawa, Madam."

Nyumba ya Mzee Jattani ilikuwa ya saruji, mabati mapya, madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi ya samawati. Binti yake, Umulkheir, alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani akitoka shamba la Rapsu, gambuti zimejaa tope, kitunguu kibichi kimefungwa kwenye leso. Zeinab alitoa salamu, ikaitikiwa, na kabla hajakaa kikombe cha chai kilikuwa kimeshamiminwa. Nangiro alibaki kwenye gari. Hakuna aliyemwambia abaki, na hakuna aliyemwambia ateremke.

"Pole na shamba," Zeinab alisema.

"Ah, saa hizi ni raha, dada. Zamu ya maji tumepewa alfajiri. Ramadhani ndiyo tulipata taabu. Mwezi mzima tulipewa ya mchana, jua la utosi, na mtu amefunga. Kutoka asubuhi mimi niko mferejini na jembe mpaka laasiri. Ukiacha tu, jirani anageuza maji."

"Na Abdikarim?" Huyo alikuwa kaka yake, yule aliyeokota jiwe la kwanza.

"Abdikarim ni wa ng'ombe. Mchana huwezi kumpata."

Chumbani Mzee Jattani alikuwa ameketi kitandani chini ya dirisha, kofia kichwani, tasbihi mkononi, uso ameuelekeza ukutani. Miaka mingi alikuwa ndiye muadhini wa msikiti wa hapo jirani, na hata sasa sauti yake ilikuwa nzito na safi. Zeinab alimwomba aeleze tena. Mzee akaeleza: kijana alileta kichupa, aliweka dawa, jicho likawasha, likazima. Yalikuwa maneno yale yale ya taarifa aliyoandika Zeinab siku ile, neno kwa neno, kama sura aliyokariri chuoni. Mtu anayekumbuka jambo hulisimulia kila mara tofauti kidogo. Anayelikariri ndiye asiyekosea.

"Jicho liliwasha upande gani, Abba? Kwenye kope au ndani?"

Tasbihi ilisimama. "Liliwasha tu."

Hapo adhana ya adhuhuri ikaanza, ya kijana mwingine, sauti nyembamba. Na kabla haijafika mbali, chini ya mto wa mzee kitu kikaongea. Sauti ya mwanamume, Kiborana cha kuvunjikavunjika lakini cha upole: *Abba Jattani, saa ya dawa imefika. Inamisha kichwa nyuma. Vuta kope ya chini. Tone moja tu. Nakutakia mchana mwema.*

Zeinab aligeukia mto. "Huyo si Lodio?"

"Ni yeye," Umulkheir alisema mlangoni. "Alirekodi mwenyewe. Itarudia tena na tena mpaka chupa iminywe."

"Dawa bado anaweka?"

"Hospitali ilileta chupa nyingine, lakini Abdikarim amekataza."

"Na simu mbona hamkuizima?"

"Abdikarim alitaka kuivunja. Abba alikataa. Analala nayo."

Zeinab aliweka kikombe chini. Mtu amekuzima jicho lako la mwisho kwa sumu, nawe unailaza sauti yake chini ya mto wako, ikuamshe asubuhi na kukuaga jioni? Haiingii akilini. Chuki haina tabia hiyo. Majuto ndiyo yenye tabia hiyo, naye Zeinab alikuwa ameyafahamu vizuri tangu siku ya pingu.

Adhana iliendelea nje. Aliisikiliza, kisha akawa anasikiliza mambo mawili pamoja, adhana na ile sauti ya simu, na ndipo lile neno aliloliandika asubuhi likamrudia. Mwezi wa tatu. Ya Allah. Mwezi wa tatu ulikuwa Ramadhani.

"Abba," alisema, "Ramadhani ulifunga?"

"Swali gani hilo? Tangu utoto sijala mchana wa Ramadhani."

"Yote?"

"Yote. Na zile siku sita za Shawwali, baada ya Idi, juu yake."

Nukta za kijani zilikuwa zimejipanga mbele ya macho ya Zeinab, mwezi mzima, na ile ya katikati kila siku ilikuwa tone la adhuhuri.

"Kichupa hukaa wapi?" alimuuliza Umulkheir.

"Hapo dirishani, kwa mkebe."

Dirisha lilikuwa juu tu ya bega la mzee. Zeinab alipiga goti kitandani akasogeza mkebe. Ubao wa kizingiti, ile samawati, ulikuwa na madoa meupe ya duara, madogo kama punje ya mahindi, mengine juu ya mengine, vumbi limeyagandia. Alipitisha ukucha, yakatoka unga mkavu wa chumvichumvi. Mengine yalikuwa kwenye ukingo kabisa wa nje, pale tone likiteleza kidogo linaanguka uani. Mengine yalikuwa ndani zaidi. Na mengine, yale ambayo vumbi lake lilikuwa bado jepesi, yalikuwa karibu na mkebe wenyewe, mbali na nje.

Aliyatazama kwa muda, halafu akasema, "Umulkheir, twende nje kidogo."

*

Walisimama nyuma ya jiko. Umulkheir alianza kulia kabla hajaulizwa, kilio cha kimya cha mtu aliyekuwa akikingoja.

"Ni mimi, dada Zeinab. Andika ni mimi. Abba alikuwa amefunga, nikaona huruma. Nilikuwa natoa dawa mimi, namwaga, ndio mashine isimripoti. Lodio alisema kifaa kitachukuliwa. Abba hakujua kitu."

"Ulikuwa unamwaga wapi?"

"Dirishani."

"Saa ngapi?"

"Adhuhuri. Ikishaongea simu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Zeinab alimfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake mwenyewe. Alimpenda sana wakati ule, na ilimbidi amvunje.

"Adhuhuri ya Ramadhani ulikuwa mferejini Rapsu, umeshika jembe, unalinda maji. Umeniambia mwenyewe nikinywa chai yako. Na hata kama ungekuwa hapa. Wewe unaona. Ukitaka kumwaga tone dirishani, utalimwaga wapi?"

Umulkheir aligeukia ukuta wa jiko.

"Nje," Zeinab alisema. "Mtu mwenye macho atanyoosha mkono, atamwaga nje, na ardhi itameza. Aliyemwaga pale alidhani mkono wake uko nje. Mwanzo ulikuwa karibu nje kweli. Halafu ukawa unarudi ndani, unarudi ndani, na yeye hajui. Yale madoa, dada yangu, ni jicho likizima."

Umulkheir alikaa chini, hapo hapo juu ya kuni.

"Niliyaona," alisema. "Nilikuwa nafuta dirisha siku ya Idi. Nikajua. Nikaacha kufuta. Nilijiambia nikifuta nitakuwa nimeficha, nisipofuta nitakuwa nimemfichua, basi nikaweka mkebe juu. Halafu walipomchukua Lodio nikasema kesho nitasema. Kila siku nasema kesho."

"Mficha maradhi..." Zeinab alianza, akaacha. Methali ile inaishia na kifo kumuumbua mtu, na hapa hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa.

*

Mzee Jattani alizisikia hatua zao zikirudi. Hakugeuka.

"Kuta ni nyembamba," alisema. "Na mimi nimebakiwa na masikio."

Simu ilirudia chini ya mto: *Abba Jattani, saa ya dawa imefika.* Wote watatu waliingoja imalize.

"Masheikh wengi wanasema tone la jicho halivunji saumu, Abba," Zeinab alisema taratibu. "Na mgonjwa ana ruhusa yake kwa Mungu."

"Niliuonja uchungu wake. Hapa, kooni. Siku ya kwanza ya Ramadhani niliweka, nikasimama kuadhini, na uchungu uko kooni. Kitu kimefika kooni, wewe utaniambia hakijaingia?"

"Ungeuliza."

"Nimuulize nani? Watu huniuliza mimi." Alipangusa uso kwa kiganja. "Nikasema mwezi ni mfupi. Nitamwaga ya adhuhuri, nitaweka ya jioni. Halafu jioni futari, tarawehe, usingizi. Asubuhi nimeshatia nia ya saumu. Simu inaongea, naminya, inanyamaza. Ukishamdanganya mtu mara moja, mara ya pili hata hujisikii. Mwezi ukaisha, ikaja sita, na mkono ukawa umeshazoea."

"Na chupa mpya?"

"Chupa mpya niliiweka jichoni. Vizuri kabisa, kama anavyosema. Wakati huo hakukuwa na jicho."

Zeinab alikaa pembeni ya kitanda. Hakuitoa kalamu.

"Kwa nini ulisema ni Lodio?"

"Sikusema. Abdikarim aliuliza, 'Abba, ni hiyo chupa mpya?' Nikanyamaza. Kimya changu wakakifanya ndiyo. Nilipotaka kukirudisha, mawe yalikuwa yameshalia. Halafu ukaja wewe, binti yangu, na kalamu yako. Unakumbuka uliniuliza nini?"

Alikumbuka. Alikuwa amesimama pale pale, nje watu wanapiga kelele, anataka taarifa upesi ili amwondoe kijana. Alikuwa ameuliza: *Ni hiyo chupa mpya, siyo, Abba?* Swali ambalo mwalimu wao wa upelelezi alikuwa akiwapigia kelele wasiliulize kamwe, swali lililobeba jibu lake mgongoni. Mzee alikuwa ameitikia kwa kichwa tu. Maneno mengine ya taarifa ile, kuwasha, kuzima, aliyapanga Zeinab, na mzee akayakariri.

"Nakumbuka," alisema. Moto wa aibu ulimpanda hadi masikioni. "Hilo ni langu. Nitaliandika kwenye ripoti kwa mkono wangu."

"Basi tuko wengi."

"Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, Abba. Lazima nikuambie. Ukifuta ile ya kwanza, unaweza kushtakiwa wewe."

Mzee Jattani aliufikia mkongojo wake kwa kupapasa. "Lodio akitoka," alisema, "si kutakuwa na selo iliyo wazi?"

Nje pikipiki ilizima injini. Ilikuwa ni Abdikarim, amesikia gari la polisi liko kwao, ameacha ng'ombe. Alisimama mlangoni na fimbo yake, akamtazama dada yake aliyevimba macho, akamtazama sajini. Baba yake alimwambia kwa Kiborana, kwa sentensi tatu au nne, bila kupandisha sauti. Zeinab aliona rangi ikimtoka kijana yule mrefu. Fimbo aliiegemeza ukutani, kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha mtu mwingine.

"Mimi nilirusha la kwanza," alisema. Hakuna aliyembishia.

Garini mzee aliwekwa mbele, karibu na Nangiro, maana kiti cha nyuma kilimpa shida. Walikwenda mwendo mrefu kabla Nangiro hajafungua mdomo.

"Mzee, hiyo mkanda imekukaza?"

"Hapana, mwanangu. Asante."

*

Kituoni Zeinab alitangulia. Alimfungulia Lodio, akamrudishia mkanda na viatu. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yalimkimbia.

"Nilikutia pingu na sikuwa na sababu ya kutosha," alisema. "Naomba radhi."

Lodio alifunga kamba za viatu. "Amekubali kuweka dawa?"

"Yuko mbele. Muulize mwenyewe."

Mzee Jattani alikuwa amesimama kaunta, mkono mmoja begani kwa Abdikarim, mwingine umeshika kile kichupa. Umulkheir alisimama nyuma na simu. Askari wa zamu alikuwa ameacha kuandika. Mzee alisikia hatua, au alidhani amesikia, akauachia mkono wa mwanawe, akasonga peke yake, akasimama wima kama mtu anayejiandaa kuadhini.

"Lodio," alisema. "Dawa yako niliimwaga. Mwezi wa saumu niliimwaga, na baada ya saumu niliimwaga. Hukunipa sumu. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba hukunipa, na nikakaa kimya, wakakupiga mawe, nikakaa kimya, wakakufunga. Jicho nimelizima mwenyewe. Nitasema kesho mbele ya wazee wenu na wazee wetu. Nasema leo mbele yako."

Lodio alikuwa amesimama mlangoni mwa korido, mkanda haujafungwa vizuri, na midomo yake ilikuwa imebanwa. Zeinab alimwona akihema kwa nguvu, na akajua kwamba hasira ya kijana ilikuwa imefika tu sasa, imechelewa, na ina haki yake.

Simu ikalia mkononi mwa Umulkheir. *Abba Jattani, saa ya dawa imefika. Inamisha kichwa nyuma...* Binti alihangaika kuizima, vidole vinateleza.

"Iache," mzee alisema. "Huyo wa simu hunisamehe kila siku, mara tatu. Simtaki huyo. Namtaka aliye hapa. Lodio, sema hata tusi, nijue umesimama wapi."

Simu ilimaliza kumtakia mchana mwema, ikanyamaza. Uso wa mzee ulikuwa umeinuliwa, unangoja, machozi yakitoka kwenye macho yote mawili bila tofauti.

"Niko huku, Abba," Lodio alisema mwishowe, kwa Kiborana chake kibovu. "Hapo ni ukuta."